Tepe Iliyosimama Mfukoni

Kila picha ya zamani aliyoletewa, Madam alianza na vifungo. Uso aliuacha mwisho kabisa. Wateja waliona ni dharau. "Madam, mbona unamwangalia babu yangu tumbo?" mama mmoja aliwahi kumuuliza pale dukani kwangu. Akajibu bila kuinua kichwa, "Babu yako nitamfikia. Kwanza nataka kujua kama amesimama upande wake."

Hakuwa anatania. Shati la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya ule wa kulia. La mwanamke ni kinyume chake. Ukiona wanaume wote kwenye picha wamefunga vifungo kike, ujue si wao waliokosea. Picha ndiyo iliyopinduliwa, ama na msafishaji wa zamani aliyeilaza filamu mgongo juu, ama siku hizi na simu ya mjukuu. Na picha ikishapinduliwa, alama ya mkono wa kulia imehamia kushoto, beji ya moyoni imekwenda upande wa pili, na kila utakalosema baada ya hapo ni uongo hata kama umelisema kwa nia njema. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza kwangu. Mpaka leo sianzi kazi ya picha bila kuangalia vifungo.

Nina duka dogo Ipagala. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti. Kazi ya kusafisha picha kuukuu na kuzikuza nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia. Yeye alikuwa mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka. Alikuwa amefundisha wasichana kukata, kushona na kudarizi katika shule kadhaa za mkoa huu, na sare nyingi alizijua kwa mkono kabla hajazijua kwa jicho. Yeye na wanafunzi wake walishona skafu za skauti, mashati ya halaiki, na beji za vijana kila sherehe ilipokaribia na mzigo wa kiwandani haujafika. Mtaa mzima ulimwita Madam. Hata wazee waliomzidi umri walimwita hivyo, na mimi sitamwita vingine hapa.

Siku aliyoingia kwenye kazi yangu, alikuja kutoa kopi ya cheti cha kliniki. Kwenye kompyuta nilikuwa nimefungua picha ya mzee mmoja mwenye tarabushi, koti la vifungo vya shaba, na mikono imewekwa magotini. Mwenye picha, dereva mstaafu wa malori, alikuwa ameketi anasubiri. Alikuwa ameniambia kuwa huyo ni babu yake, aliyepigana vita vya Hitla, na alitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni.

Madam aliitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Una picha nyingine za studio hiyohiyo?"

Nilikuwa nazo, kwa sababu watu wengi wa mjini wa zamani walipigwa picha pale, mbele ya pazia lilelile lenye nguzo za kuchorwa. Nilizifungua moja baada ya nyingine. Akaweka kidole kwenye kioo cha kompyuta, jambo ambalo silipendi. "Tazama. Mfuko wa kushoto hauna kifungo. Kola ina kovu la pasi. Na huyu hapa, mfuko huohuo, kovu hilohilo. Na huyu. Koti hili limepigana vita vingi kuliko jenerali, na halijawahi kutoka studio."

Studio za wakati ule ziliweka makoti na kofia kwa ajili ya wateja wasio nazo. Nililijua hilo, lakini sikuwahi kulihusisha na koti la kijeshi. Dereva aliinuka kitini. Nilidhani atachukua picha yake aondoke. Badala yake alicheka mpaka akashika kiti. "Kumbe babu aliazima vita!"

"Hapana," Madam akasema, na hakucheka. "Aliazima koti. Vita sijui. Huenda alikwenda, akarudi, akakuta koti lake limechakaa. Nguo haidanganyi, lakini huazimwa."

Tofauti hiyo, kati ya koti na vita, ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi yake. Watu walimletea picha wakitaka awaambie mtu alikuwa nani. Yeye aliwaambia nguo ilikuwa nini, kisha akasimama hapo. Ukimsukuma mbele alikuwa na neno moja, "Sijui." Hakulisema kwa aibu wala kwa kiburi. Alilisema kama fundi anayekukabidhi shati: limekwisha, chukua. "Sijui ni jibu," aliwahi kuniambia. "Ukinisikia nasema sijui, ujue nimefanya kazi." Neno alilolichukia ni labda. Mteja akisema, "Labda alikuwa sajini," Madam alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akasubiri mpaka neno hilo limetoka chumbani.

Macho yake hayakujua kupumzika hata barabarani. Kulikuwa na mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, kijana mchangamfu kutoka Singida, ambaye siku moja alikuja kazini na tepe tatu kwenye mkono wa shati.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Tepe tatu umepewa na nani?"

"Fundi cherehani wa pale Majengo."

"Kwa kazi gani?"

"Nilimwambia mkono unaonekana mtupu."

"Haya, sajini. Nifungulie mlango."

Kijana alipiga saluti, akafungua. Baada ya muda tukamkuta ameongeza ya nne. Madam alisimama palepale juani, akaitazama, akasema, "Nne ni za punda milia." Tepe ya nne haikuonekana tena, ila zile tatu zilibaki, na tangu siku hiyo hakumwita kijana yule kwa jina lingine ila sajini. Nilimuuliza mbona anamwachia cheo cha uongo, yeye ambaye angekesha akibishana juu ya kifungo kimoja cha picha. Akasema, "Yule yuko hai. Akiulizwa, atajieleza mwenyewe. Wa kwenye picha hana wa kumsemea."

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sidhani yalimsumbua. Aliweza kukuambia buti hili ni la askari wa miguu na hili la mpanda farasi, lakini wanaume wakianza kusimulia vita kama wanavyosimulia mpira, alichukua kikombe chake cha chai akatoka nje. Alikuwa amefundisha kushona kwa miaka mingi, na bado alitembea na khanga za doti mbili tofauti na sweta lisilo na kifungo cha katikati. Nikamwambia aniletee, mke wangu atashona. "Mganga hajigangi," akasema, akavuta sweta akaendelea.

La ajabu zaidi lilikuwa mvua. Mtu huyu asiyekubali labda juu ya picha, kila mwaka alitabiri mvua, na kila mwaka alikosea. Mwezi wa kumi ulipoingia aliniambia anaisikia magotini, inakuja mapema. Akapanda karanga kwenye kieneo chake kule Mkonze kabla ya watu wote, jua likazikaanga ardhini, akapanda tena. Mwaka mmoja nilijasiri.

"Madam, ushahidi uko wapi?"

"Wa nini?"

"Wa mvua."

Alinitazama kana kwamba nimevaa shati kinyume. "Picha imeshatokea," akasema. "Huwezi kuipangia. Mvua haijatokea. Hiyo lazima uitumainie, la sivyo utapanda lini?"

Haya yote nayasema ili ieleweke alikuwa mtu wa namna gani siku alipokuja Mama Yohana.

Mama Yohana alikuwa na mgahawa mdogo Mkonze, na alikuja akiwa amefuatana na baba yake mdogo, mzee mwembamba mwenye fimbo na shuka, mkubwa wa ukoo wao. Madam alikuwa dukani. Alimwamkia mzee kwa Kigogo, "Mbukwa," na mzee akaitikia, akakaa kwenye kiti karibu na mlango, mbali na kompyuta, kama mtu aliyekuja kushuhudia tu.

Habari yao ilikuwa hivi. Makaburi ya ukoo yalikuwa Msalato, mahali ambapo barabara mpya ilitakiwa kupita, na ukoo ulikuwa umekubali kuyahamishia Mkonze. Mama Yohana alitaka, wazazi wake wakishahamishwa, pembeni yao pawekwe msalaba wa kaka yake. Kaka huyo aliondoka nyumbani wakati wa vita vya Kagera, hakurudi. Hakuna barua, hakuna mjumbe, hakuna kaburi. Mama Yohana alisema alikufa vitani. Baba mdogo alisema alitoroka, na pengine anakula vizuri mahali fulani mpaka leo. Kumwekea mtu aliye hai msalaba ni kumwitia kifo; kumwekea mtoro ni kuwatukana waliolala pale. Na bila neno la baba mdogo, hakuna jiwe ambalo lingesimamishwa.

"Aliacha ng'ombe malishoni," mzee akasema. "Akamwachia fimbo huyu hapa, mtoto mdogo, akaenda zake. Aliyetoroka ng'ombe atatoroka hata bunduki."

"Aliniambia atarudi kabla maziwa hayajaganda," Mama Yohana akasema. Hakumwambia yeyote kati yetu. Aliyasema akitazama bahasha ya plastiki aliyoishika.

Ndani ya bahasha kulikuwa na picha ya vijana waliopanga mstari, imepauka pembeni. Wa pili alikuwa ameshika bunduki kifuani. "Huyu ndiye kaka. Yuko vitani. Na huyu wa pembeni yake, mrefu, ni koplo wake. Ona tepe mbili." Akamgeukia mzee. "Mtoro anapigwaje picha na koplo?"

Niliichukua picha, nikaiweka kwenye mashine, nikaikuza. Vifungo vilikuwa sawa. Madam alivuta kiti. Aliniashiria kwa kidole: sogeza kulia, sogeza juu, kuza hapo. Nilianza kuona mambo anayoyaona, na nikatamani nisingeyaona. Mtutu wa bunduki haukuwa na tundu. Kifyatulio kilikuwa msumari uliokunjwa. Shingoni kila kijana alikuwa na skafu. Na zile tepe mbili hazikuwa mkononi.

"Mwanangu," Madam akasema, "nitakuambia nguo, mengine tutayaona. Tepe za koplo hukaa mkononi, zimekunjwa kama mabawa. Hizi zimesimama mfukoni kama nguzo. Ni za skauti. Huyu mrefu alikuwa kiongozi wa kikosi cha shule. Bunduki ni ya mbao, ya gwaride. Walikuwa na sherehe siku hiyo. Hii si picha ya vitani."

Mzee aligonga fimbo sakafuni. "Si nilisema!"

"Hapana, baba, hukusema hivyo," Madam akamgeukia, kwa upole lakini haraka. "Wewe ulisema alitoroka. Mimi nasema hapa alikuwa bado hajaenda. Hayo ni maneno mawili."

"Kwangu ni moja."

"Kwangu ni mawili."

Mama Yohana hakulia. Alichukua picha yake kutoka kwenye mashine, akaipangusa, akairudisha kwenye plastiki taratibu. "Hii ndiyo pekee niliyokuwa nayo," akasema. "Mama alikufa akiishika. Nimeileta ikiwa ya vita, narudi nayo ikiwa mchezo wa shule."

Nilimjua Madam kiasi cha kutosha kujua kwamba kazi yake ilikuwa imekwisha. Nguo ilikuwa imesema. Siku nyingine yoyote angechukua kikombe chake. Badala yake alimwomba Mama Yohana picha tena, na akasema jambo ambalo baadaye nililifanya kuwa kanuni yangu.

"Tumemwangalia wako. Sasa tumwache. Tumwangalie wa pembeni."

Akaniambia nikuze skafu ya yule kijana mrefu mpaka uzi uonekane. Ukingoni kulikuwa na utepe wa rangi nyepesi. Kwa kawaida utepe wa skafu hushonwa juu ya pindo. Huu ulikuwa umeingizwa ndani ya pindo, ukachungulia kidogo tu, kama ulimi. Madam akacheka kicheko kifupi cha mtu aliyekutana na adui wa zamani. "Pindo la kijinga hili! Nilibishana na mwalimu wao kila mashindano. Yeye alisema halichaniki. Mimi nikasema linakula kitambaa. Shule moja tu ndiyo ilishona hivi." Akaitaja shule, ya misheni, upande wa magharibi wa mji. Mzee alikunja uso, kisha akakubali kwamba ndiyo, kijana alisoma huko, bweni, ndiko walikomharibu.

"Basi nguo imefika mwisho wake," Madam akasema. "Kuanzia hapa tunatafuta mtu."

Siku zilizofuata simu yake ndogo ya vibonyezo haikupoa. Alikuwa na mtandao wa walimu wastaafu ambao sijaona mfano wake, wanawake waliosahau walikoweka miwani lakini hawakusahau nani alidarizi nini. Nilimsikia kupitia ukuta wa nyuma akipaza sauti: "Skauti, mwenzangu, si kwaya! Kiongozi wao! Mrefu!" Hatimaye akaja dukani, akasimama mlangoni. Yule kijana mrefu yu hai. Ni mkulima wa zabibu upande wa Hombolo.

Tulikodi gari, Madam, Mama Yohana na mimi. Asubuhi tulipofika Mkonze kumchukua Mama Yohana, baba mdogo alimtangulia kuingia, akakaa kiti cha mbele, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amesema haendi. Mama Yohana alimtazama.

"Baba, umebadili mawazo?"

"Nakwenda kuona zabibu," mzee akasema. "Twendeni, jua linapanda."

Mkulima alikuwa kwenye mistari ya mizabibu, amevaa buti za mpira, anapunguza matawi kwa mkasi. Alikuwa bado mrefu. Tulisalimiana, tukapewa viti chini ya kibanda cha mabua ya mahindi, na Mama Yohana akampa picha bila kueleza lolote. Madam ndiye aliyemwomba afanye hivyo, ili tusimtilie maneno mdomoni.

Mkulima aliivuta karibu, akaisogeza mbali. Kitu cha kwanza alichogusa ni mfuko wake mwenyewe pichani. "Hizi tepe nilizishona mimi," akasema. "Vibaya. Moja imepinda." Kisha akaanza kuwataja wenzake kwa kidole, huyu alikuwa mpiga ngoma, huyu alikufa juzijuzi kwa sukari. Akafika kwa mwenye bunduki, na kidole kikasimama. "Petro," akasema.

"Petro yupi?" Mama Yohana akauliza.

"Huyu. Petro wetu."

"Huyu ni Ndahani."

Walitazamana. Mkulima alitikisa kichwa. "Shuleni hatukuwa na Ndahani, mama. Alibatizwa bwenini, akapewa Petro, akaandika Petro kwenye daftari la mgambo, akaenda vitani akiwa Petro. Mimi nilikuwa naye."

Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Hawakuwa watu wa kanisa wakati ule, na kijana hakuthubutu kuwaambia. Nilimwona Madam ameinama mbele, mikono yake kwenye mapaja. Hakukuwa na nguo tena ya kusoma. Alikuwa anasikiliza tu, kama sisi.

Mkulima alisimulia polepole. Siku wanaandikishwa mgambo wa kwenda mbele, Petro alichelewa, akafika na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema amekimbia kutoka malishoni. Walivuka mto pamoja. Ng'ambo ya mto kulikuwa na mashamba ya migomba yasiyo na mwisho, na Petro, ambaye maisha yake yote alikuwa amezoea jua la Ugogo, alishangaa mchana kutwa: kumbe kuna nchi ambayo mtu hutembea kivulini toka asubuhi mpaka jioni. Aliuliza kama mgomba unaweza kuota Msalato. Wakamcheka. Alipigwa risasi siku waliyokuwa wanahamisha mizigo. Walimzika wenyewe, chini ya migomba hiyohiyo.

Baba mdogo aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya dukani.

"Alikuwa anakimbia?"

"Hapana, baba," mkulima akasema. "Tulikuwa tumebeba sanduku la risasi. Yeye ameshika upande huu, mimi ule. Sanduku lilipoegemea kwangu ndipo nilipojua ameanguka."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja. "Kwa nini hukuja kutuambia?"

"Nilikuja. Vita vilipokwisha nilikwenda Msalato kwa miguu, nikauliza nyumba ya kina Petro. Nikaambiwa hapa kuna Petro mmoja, fundi baiskeli. Nikaenda, nikamkuta mzima, anaziba pancha. Nikauliza tena kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza zizi. Akaniambia hatuna Petro, kijana, umepotea njia. Nikarudi."

"Zizi lilikuwa wapi?"

"Sikumbuki, baba. Miaka mingi."

"Mzee huyo angeweza kuwa mimi," baba mdogo akasema.

Madam akasema, "Hatujui, baba. Lakini siku ile ungeulizwa Petro, ungejibu nini?"

Mzee alifikiri kweli. "Ningesema hayupo."

"Na usingekuwa umedanganya."

Mama Yohana alikuwa analia sasa, lakini kwa namna ambayo mtu analia akiwa ameweka mzigo chini. Mkulima alikwenda akarudi na beseni la zabibu zilizooshwa. Mzee alichukua moja, akaila, akasema ni chachu, akachukua nyingine.

Ukoo ulihamisha makaburi baada ya mavuno. Kufikia wakati huo Madam alikuwa amehamia Iringa kwa binti yake, kwa sababu macho yalikuwa yamemchosha. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa unasubiri. Nilikuwa sijamwona kwa miezi mingi. Siku ya kuweka msalaba alikuja na basi la asubuhi, amevaa miwani myeusi mikubwa, akanishika mkono kuanzia barabarani mpaka makaburini, akilalamika kuwa Iringa ni baridi na kwamba watu wa huko hufunga skafu kama bandeji. Aliniuliza kama mvua imefika. Nikamwambia bado. "Inakuja," akasema.

Watu walikuwa wamejaa. Mkulima wa zabibu alikuwapo, amevaa suti. Msalaba ulikuwa wa zege, umepakwa chokaa, na mchoraji wa mabango aliyekodiwa alikuwa amechuchumaa mbele yake na kopo la rangi nyeusi. Ubishi ulikuwa umeanza kabla hatujafika. Vijana wa ukoo walitaka paandikwe Koplo. Baba mdogo alipotuona alikuja moja kwa moja kwa Madam, akamwamkia, akamvuta pembeni, ingawa alizungumza kwa sauti ambayo wote tuliisikia.

"Koplo najua hapana. Tuchore tepe moja tu, Madam. Ndogo. Nimemnyima mengi huyu kijana."

"Alikuwa na tepe?" Madam akamuuliza mkulima.

Mkulima alisita. Aliona uso wa mzee. "Hakuwa nayo, Madam."

"Basi hatuwezi, baba. Tepe hutolewa na jeshi, haitolewi na baba mdogo." Alisema hivyo akiwa bado ameshika mkono wa mzee, hakuuachia. "Alibeba sanduku la risasi. Andika askari, inatosha, na hakuna atakayeweza kuifuta."

Mzee alivuta pumzi. Kisha akarudi kwenye msalaba, na vijana wakampisha. Mchoraji aliandika neno Askari, vizuri, kwa mkono uliotulia. Akachovya brashi tena.

"Jina?"

Mama Yohana alifungua mdomo, lakini baba mdogo alimtangulia. "Andika Ndahani."

Mchoraji akaandika. Alipotaka kushuka kwenye mwaka, fimbo ya mzee ilitua mbele ya brashi. "Bado. Chini yake andika Petro."

"Yote mawili, mzee? Nafasi ni ndogo."

"Punguza herufi. Mtu akija kumuuliza, kwa jina lolote, aambiwe yupo."

Mchoraji alifuta jasho, akapunguza herufi. Madam aliuminya mkono wangu. Kwa umbali ule, na kwa jicho moja, nadhani aliona weupe tu wa chokaa. "Nisomee," akasema. "Usiruke kitu."

Nilisoma kwa sauti, kama alivyonizoesha, kimoja kimoja. Askari. Ndahani.

"Yupo," baba mdogo akasema, bila kugeuka.

Nikasoma Petro.

"Yupo."